Kama barabara ya Serengeti ilikuwa ya wote basi na maji ya mto Mara ni ya wote

Wengi mtakumbuka ile kelele ya barabara ya Serengeti. Mwaka 2010 hivi serikali yetu ilikuwa na mpango wa kupitisha lami kaskazini mwa hifadhi kuunganisha Mugumu na Loliondo mpaka Arusha, kipande cha kama kilometa 50 na kitu kikiwa ndani ya hifadhi kabisa, pale pale nyumbu wanapokatiza kwenda na kurudi Kenya. Taasisi moja ya kutetea wanyama yenye makao Nairobi, ANAW, ikaenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki kule Arusha ikafungua kesi dhidi ya serikali ya Tanzania. Katikati ya hapo serikali ikaiandikia UNESCO mwaka 2011 kwamba kipande cha ndani ya hifadhi kitabaki changarawe, lakini kesi haikufutwa, iliendelea mpaka Juni 2014 mahakama ikasema kwamba lami pale ingekiuka mkataba wa Jumuiya na ikaweka zuio.

Huku kwetu mkoa wa Mara hukumu ile haikupokelewa vizuri, tuseme ukweli. Mtu wa Mugumu anataka barabara kama mtu wa Thika anavyotaka barabara, mgonjwa akizidiwa usiku masika na gari imezama kwenye tope huwezi kumwambia habari za nyumbu. Na iliuma zaidi kwa sababu aliyeshtaki alitoka upande wa pili wa mpaka. Nakumbuka watu wakisema Wakenya wanalinda biashara yao ya Maasai Mara tu, wanyama wakiacha kuvuka watalii wataishia Kogatende, upande wetu wa Serengeti, na hela zitabaki kwetu. Mi sikuungana nao kwenye hilo ila hasira naielewa na barabara bado naitaka, ipite kusini au ipite wapi lakini watu wafike hospitali.

Ila baada ya miaka kadhaa ya kukaa kwenye vikao vya maji nimeanza kuiangalia hukumu ile kwa jicho lingine kabisa na ndo sababu ya kuandika hapa leo. Mahakama ilisimamia vifungu vya mkataba wa Jumuiya vya kuanzia ibara ya 111 mpaka 114 huko, vinavyosema nchi wanachama zitashirikiana kusimamia mazingira na maliasili kwa pamoja. Yaani Tanzania haikuzuiwa kwa sababu Serengeti ni ya Kenya. Ilizuiwa kwa sababu ukifanya jambo upande wako ambalo litavunja mfumo mzima, jirani ana haki ya kuuliza. Sasa fikiria kanuni hiyo hiyo ukiigeuza. Kama mtu wa Nairobi ana haki ya kuuliza barabara ya Mugumu inapita wapi, basi mama anayechota maji Kirumi, huku chini mto Mara unapoingia ziwani, ana haki ya kuuliza msitu wa Mau kule Kenya unakoanzia mto umebaki kiasi gani na nani anavuta maji ya Amala, mmoja wa mito inayoulisha, na kwa bomba la ukubwa gani. Hili swali naona halijaulizwa kwa nguvu ile ile, na mimi nataka liulizwe.

Kwa ambao hamjui mto wenyewe. Mara unaanzia kwenye kinamasi cha Enapuiyapui juu kwenye Mau, unashuka kwa mikono miwili, Amala na Nyangores, moja inapita maeneo ya Bomet mjini kabisa, zinakutana halafu mto unaingia Maasai Mara, unavuka mpaka pale Lamai, unakatiza kaskazini mwa Serengeti, unatoka kwenye vijiji vya Tarime na Serengeti, unapita Mara Mine, unajimwaga kwenye kinamasi kikubwa cha mafunjo halafu ndo daraja la Kirumi na ziwa Viktoria. Kilometa 395 hivi. Bonde zima ni kama kilometa za mraba 13,500 na asilimia 65 iko Kenya. Kwa hiyo maji yetu mengi yanaamuliwa na watu ambao hatuwapigii kura, na wao watalii wao wanategemea nyumbu ambao miezi mingi ya mwaka wanakula nyasi zetu na wanazalia kusini huko Ndutu. Kila mmoja ana kitu cha mwenzake mkononi.

Na watu wanasahau kwa nini nyumbu wanakwenda kaskazini. Wanafuata majani na wanafuata maji. Kiangazi kikikolea Grumeti na Mbalageti zinabaki madimbwi, Mara ndo mto wa uhakika unaotiririka mwaka mzima kwenye mfumo wote wa Serengeti. Emmanuel Gereta aliyekuwa mwanaikolojia wa TANAPA, shirika letu la hifadhi za taifa, na wenzake waliandika mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba ukijumlisha ukataji wa msitu juu, umwagiliaji, na ule mradi wa Kenya wa kuchepusha maji ya Amala kwenda Ewaso Ng'iro Kusini kufua umeme, halafu ukaja mwaka wa ukame mkali, mto unaweza kukauka na nyumbu wakafa kwa wingi wa kutisha. Mradi ule umekuwa unalala na kuamka kwenye makaratasi miaka yote. Nyumbu ni kama milioni 1.3, miaka ya 1960 mwanzoni walikuwa robo milioni tu hivi, wakaongezeka baada ya sotoka kudhibitiwa kwenye ng'ombe. Kazi ya chanjo ya ng'ombe ikajaza nyumbu, na kazi ya miongo yote hiyo inaweza kufutwa na kiangazi kimoja kama huko juu hakuna anayehesabu maji.

Mto nao unawahitaji nyumbu, hili nilijifunza baadaye sana. Kila mwaka wanazama wengi pale kwenye vivuko, watafiti walihesabu wastani wa zaidi ya 6,000 kwa mwaka, na ile mizoga inalisha mamba, tai, samaki, na mifupa inaendelea kutoa rutuba kwenye maji kwa miaka. Kwa hiyo hata samaki wa huku chini wana deni kwa nyumbu aliyezama kule juu.

Sasa kuhusu kupanga pamoja. Karatasi zipo, tena nzuri. Kuna Kamisheni ya Bonde la Ziwa Viktoria pale Kisumu, kuna itifaki ya 2003 ya bonde la ziwa, kuna hati ya makubaliano ya 2015 kati ya Kenya na Tanzania juu ya kusimamia bonde la Mara pamoja, na kuna Siku ya Mara kila tarehe 15 Septemba, tangu 2012, tunaifanya kwa zamu mwaka huu kwetu mwaka ujao kwao, tarehe iliwekwa makusudi kipindi nyumbu wako kule. Mi naipenda sana Siku ya Mara. Unakutana na wazee wa Bomet, wamama wa Narok, vijana wa Mugumu na Butiama, mnapanda miti, mnakula pamoja, kwaya zinaimba, mawaziri wanahutubia. Lakini nikitoka pale kila mara nabaki na swali moja hilo hilo. Kiangazi, mto ukiwa chini kabisa, ni maji kiasi gani yanatakiwa yawe yanapita pale mpakani? Namba. Lita kwa sekunde, mita za ujazo kwa sekunde, vyovyote.

Msije mkadhani naomba kitu cha ajabu. Sheria ya maji ya Tanzania ya 2009 inasema kuna maji ya akiba, yaani kabla hujampa kibali mwenye shamba au mgodi au hoteli unatoa kwanza maji ya watu kunywa na kupikia na maji ya mto wenyewe kuendelea kuishi. Sheria ya maji ya Kenya ya 2016 nayo inasema hivyo hivyo. Nchi mbili, bunge mbili, wazo moja. Na wataalam wameshafanya tathmini za mtiririko unaohitajika kwa mazingira juu na chini ya mto, siyo kwamba sayansi haipo. Vituo vya kupimia maji navyo viko, Amala kipo Kapkimolwa, Nyangores kipo Bomet, kwetu kipo Mara Mine. Ninachotaka ni akiba ya juu na akiba ya chini ziwe hesabu moja, siyo kila mtu anajipangia ya kwake halafu tunakutana Septemba kupeana mikono. Na hati ya makubaliano si mkataba, haina meno, mwenye nia njema ataifuata na mwenye haraka ya mradi wake ataipita pembeni.

Tatizo lingine ambalo mtu wa nje haoni ni nani anakaa na nani mezani. Upande wetu ni rahisi kidogo, hifadhi ni TANAPA, maji ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Viktoria pale Mwanza, wizara iko Dodoma, mambo yanashuka kutoka juu. Kenya baada ya katiba ya 2010 mambo yakagawanywa, Maasai Mara yenyewe haiko chini ya shirika la wanyamapori la taifa, iko chini ya kaunti ya Narok, na ile pembetatu ya magharibi inaendeshwa na shirika lisilo la faida, Mara Conservancy, tangu 2001. Msitu una mamlaka yake, maji yana mamlaka yake, Bomet ina gavana wake na Narok wa kwake na siyo lazima wawe wanaelewana. Kwa hiyo mnaitisha kikao cha kupanga, huku anakuja mtu mmoja mwenye mihuri yote, kule wanakuja watu sita kila mmoja na kipande chake, na anayekosekana kwenye kiti ndo mwenye kipande unachokihitaji siku hiyo. Siwalaumu, mfumo wao una faida zake, mwananchi wa Bomet anaweza kumbana gavana wake kwa namna ambayo sisi hatuwezi kumbana mkurugenzi wa Dodoma. Ila lazima mpango uandikwe ukijua hilo.

Ardhi nayo hivyo hivyo. Huku ardhi ya kijiji ni ya kijiji, mkutano mkuu wa kijiji ukikubali mnatenga eneo mnaunda WMA, yaani eneo la wanyamapori linalosimamiwa na vijiji, kama Ikona pale karibu na Robanda. Kule Narok mashamba ya makundi yaligawanywa, kila familia ina hati yake, kwa hiyo ili wanyama wapite inabidi mamia ya wenye hati wakubali kukodisha pamoja, ndo zikazaliwa zile konsavansi kama Olare Orok mwaka 2006 na Naboisho 2010, mwenye ardhi analipwa kila mwezi asiweke fensi asilime. Ni wazo zuri sana na limeokoa sehemu kubwa. Lakini nje ya konsavansi fensi zimeongezeka kwa kasi, na ardhi ikishakuwa ya mtu mmoja mmoja huwezi kumlazimisha kwa mkutano wa hadhara.

Mfano wa nini kinatokea mkichelewa upo na ni wa kuhuzunisha. Zamani Kenya ilikuwa na msafara wake wa nyumbu, walikuwa wanashuka kutoka tambarare za Loita kuingia Mara kiangazi. Wilber Ottichilo, huyo huyo aliyekuja kuwa gavana wa Vihiga, alitoa utafiti na wenzake 2001 ukionyesha nyumbu wale walishuka kutoka kama 119,000 mwaka 1977 mpaka kama 22,000 mwaka 1997. Miaka ishirini tu. Sababu kubwa ilikuwa mashamba makubwa ya ngano kwenye maeneo yao ya kuzalia. Hakuna ukuta uliojengwa, hakuna vita, ni vibali vya kukodisha ardhi vilivyosainiwa kimoja kimoja na kila kimoja kikionekana ni halali na ni kidogo. Nikiwaambia vijana wa kwetu kwamba mto unaweza kuisha hivyo hivyo, kibali kimoja kimoja cha pampu, namaanisha hicho.

Kuna sehemu ushirikiano unafanya kazi na napenda kuisema kwa sababu watu wanaona kila kitu cha mpakani ni maneno. Pale Lamai, askari wa Mara Conservancy na askari wa TANAPA wamekuwa wakipiga doria pamoja kwa miaka, wa Kenya wanavuka kuja huku wakiwa na wenzao wa Tanzania, wanakusanya mitego ya nyaya, wanafuata majangili na mbwa wa kunusa, anayekamatwa upande wa Tanzania anashitakiwa Tanzania. Hawa hawakusubiri mkataba mkubwa. Jangili alikuwa anaua huku anakimbilia kule, au anavuka mara mbili kwa usiku mmoja, wakaona bila redio ya pamoja na bila kuaminiana wote watakuwa wanakimbiza vivuli. Wanapeana taarifa siku hiyo hiyo, siyo kwenye ripoti ya mwaka, na nadhani siri yote iko hapo. Najua pia anayekamatwa na kimoro, nyama pori iliyokaushwa, mara nyingi ni kijana maskini wa kijijini na hilo linahitaji posti yake peke yake, nitaandika.

Sasa mbona maji hatufanyi hivyo? Tarehe 1 Mei 2024 mto Talek ulifurika usiku huko Maasai Mara, kambi zikasombwa, watalii wakaokolewa kwa helikopta, picha zilizunguka dunia nzima. Maji yale yote yanashuka kuja kwetu. Wengine huku tulijua kwa sababu tuna grupu la WhatsApp na jamaa wa Talek na Bomet, mtu alirusha video na sisi tukaanza kupiga simu kwa wenye mifugo na bustani kandokando ya kinamasi. Nashukuru Mungu kwa lile grupu lakini hivi kweli maisha ya watu wa mto wenye kamisheni, itifaki na hati ya makubaliano yategemee kwamba kijana fulani alikuwa na bando usiku ule? Kituo cha Bomet kikipanda, simu ya mtu wa Mara Mine ingetakiwa iite yenyewe. Na kiangazi vilevile, namba ikishuka chini ya akiba, wenye pampu juu na chini waambiwe siku hiyo hiyo wapunguze.

Na sisi wa chini tusijifanye hatuna letu. Nilishawahi kukaa na mama mmoja mkulima wa upande wa Bomet kwenye kikao, shikamoo zikaisha nikaanza kumueleza habari za msitu, akanisikiliza vizuri kabisa halafu akaniuliza, "Mwanangu, na nyinyi zile nyavu pale mdomoni mwa mto zinafanya nini?" Alikuwa anaongelea ningu. Ningu anatoka ziwani mvua zikianza anapanda mto kwenda kutaga, na baba zake walikuwa wanawavua huko juu. Wavuvi wa mdomoni wameziba njia kwa nyavu tangu zamani za mkoloni na ningu ameisha, ukimpata leo unampiga picha. Hapo ana haki kama mimi. Na bado hajataja zebaki ya wachimbaji wadogo, na mifugo yetu tunayoingiza kwenye kinamasi kiangazi, na mafunjo tunayochoma kulima.

Mama yule alisema kitu kingine ambacho sijapata jibu lake zuri. Yeye ana ekari zake za mahindi na chai kidogo karibu na mto, anaambiwa aache mita kadhaa za ukingo, apande miti ya asili, asilime mpaka majini. Sawa. Kaunti ya Narok tangu Julai 2024 inatoza mtalii wa nje dola 200 kwa siku kuingia Mara msimu wa Julai mpaka Desemba. Serengeti nayo inakusanya. Bomet haina nyumbu hata mmoja wa kuonyesha mtalii, ina maji tu, na maji yanapita bure. Kwa hiyo mtu anayeshika roho ya biashara nzima ndo asiyeona hata senti, halafu tunamletea semina na kofia. Mi naamini kabisa kwamba mpango wowote wa pamoja usiokuwa na hela inayotoka kwenye mageti ya hifadhi, ya Kenya na ya Tanzania zote, ikapanda mto mpaka kwa yule mama, ni mpango wa nusu. Hata dola 2 kwa kila mtalii. Watu wa uchumi wataniambia ni ngumu kuvusha hela kati ya kaunti mbili achilia mbali nchi mbili, nawasikia, lakini tunavusha nyumbu milioni na hakuna aliyewahi kusema ni ngumu.

Turudi kwenye ile hukumu. Sisemi tukimbilie mahakamani kesho kuishtaki Kenya, kesi ile ilichukua miaka na iliacha majeraha. Ninachosema ni kwamba mlango upo, umeshafunguliwa, na upo kwa pande zote. Ukiwa mezani unajadili bwawa linalopangwa la Norera kule Kenya au la Borenga huku kwetu, jua kwamba mwenzako wa upande wa pili siyo mgeni mwalikwa, ana haki ya kuona michoro kabla ya mkandarasi kupatikana. Tathmini ya mazingira ya mradi wowote mkubwa wa bonde hili isomwe pande zote mbili, kwa Kiswahili, na siyo kitabu cha kurasa mia tano cha Kiingereza kinachowekwa ofisini siku 30 halafu kinatoka. Bomet wanajua Kiswahili, Narok wanajua, Kirumi ndo usiseme. Hatuna kisingizio cha lugha ambacho mabonde mengine duniani wanacho.

Kwa jumuiya yangu ya watumia maji tumeshakubaliana kuanza na kidogo kilicho ndani ya uwezo wetu. Tunaomba usomaji wa Mara Mine kila wiki, tunauandika ubaoni kwenye ofisi ya kijiji ambapo kila mtu anapita, na tunautuma kwenye lile grupu, na wenzetu wa juu wameanza kutuma wa kwao pale wanapoupata. Una mapengo, kuna wiki haupatikani kabisa, lakini sasa hivi mzee anayekuja kugonga muhuri wa barua ya ng'ombe anauliza mto umeamkaje huko Bomet. Siku ya Mara inayokuja nimeomba nafasi ya kuchangia, nitasema hiyo namba ya mpakani iandikwe kwenye hati na itangazwe redioni pande zote mbili kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi. Kama uko Narok au Bomet au Nakuru huko na unasoma hapa na una mtu ndani ya ofisi ya maji, naomba tuwasiliane kabla ya Septemba.